Kihispania kwa watoto wadogo: pakiti ya otoño ya kuprinti au msimu wetu wa Tabora, uchukue ipi?

Kwanza niseme nilipo ili tusije tukapishana. Mi niko Tabora mjini, kila Jumamosi asubuhi nakaa na watoto tisa barazani kwangu, wawili wa kwangu na saba wa majirani, mdogo kabisa ana miaka mitatu na mkubwa saba, nawafundisha Kihispania. Ndiyo, Kihispania, na swali linalofuata nalijua maana nimeshaulizwa mpaka na bodaboda. Nilifanya kazi ya utalii Arusha miaka sita, wageni wetu wengi walikuwa wa Hispania na Meksiko, lugha nikaipata kwa kulazimika, sa nimerudi nyumbani sitaki ife kichwani bure. Ndo hivyo tu, hakuna siri nyingine.

Sasa ukiingia mtandaoni kutafuta vifaa vya kufundishia Kihispania watoto wa chekechea, kuanzia mwezi wa nane mwishoni unakutana na neno moja tu, otoño, otoño, otoño. Linasomwa otonyo, ile ñ ni ny yetu kabisa ya nyanya. Ni ile miezi ya kaskazini miti inapukutisha majani, kuanzia Septemba 22 au 23 mpaka Desemba 21 hivi. Kamusi nyingine itakwambia ni "vuli", lakini vuli kwa mtu wa pwani ni mvua, na sisi wa Tabora hata hiyo vuli yenyewe hatuna, mvua yetu ni moja, inaanza Novemba hivi inakwenda mpaka Aprili, katikati inaweza ikapumzika kidogo halafu inaendelea. Kwahiyo hata kabla hujafundisha kitu neno lenyewe limeshakuchanganya.

Walimu wanaopenda kufundisha kwa msimu wana sababu nzuri sana na mi nakubaliana nao asilimia zote. Mtoto mdogo hashiki orodha ya maneno, anashika kitu kinachojirudia, akikiona leo, akakishika kesho, akakila keshokutwa, akakisikia kinaitwa jina lilelile kila mara, hapo neno linakaa. Msimu unakufanyia hiyo kazi ya kurudia bila wewe kuhangaika. Swali langu ni msimu wa nani, na hapo ndo nimehangaika miaka miwili nikijaribu huku na huku.

Mwaka wa kwanza nilichukua pakiti ya bure, yaani zile kurasa za picha na maneno unazoprinti mwenyewe, kama ilivyo. Ina majani ya rangi rangi, boga, kindi, kalunguyeye, uyoga, mwavuli, buti za mvua, na castaña, yaani zile kokwa za kahawia wanazochoma huko Hispania wanauziana barabarani. Nikachagua kurasa kumi nikazipeleka steshenari, kuprinti rangi 1,000 kila ukurasa, nikasema nipige na laminesheni zisichanike, nne za mwanzo tu hela ikaisha.

Jumamosi hiyo nikanyanyua kadi ya kwanza. Jani jekundu la mti mmoja wa kule, lenye ncha tano, zuri kweli. ¿Qué es esto? Hii ni nini? Kimya. Halafu wa miaka minne akapiga kelele kwa furaha, ticha, kisamvu! Na wote wakadaka, kisamvu, kisamvu, mmoja tu akabisha akasema hilo ni la mpapai. Na ukitulia ukiangalia hawakukosea hata kidogo, jani la muhogo na lile jani la kwenye kadi ukiweka pamoja ni ndugu wa tumbo moja, tofauti rangi. Nikasema hapana, hii inaitwa hoja. Hapo nikazua jingine, maana hoja inasomwa okha, h haisikiki na j inatoka kooni kama kha ya madrasa (watoto wanaokwenda madrasa hiyo sauti wanaitoa siku ya kwanza, hawa wengine tulikwaruzana makoo wiki nzima). Baba wa mtoto mmoja alipokuja kumchukua mwanae akaona nimeandika HOJA kwenye ubao kwa herufi kubwa, akaniuliza mama, kwani leo watoto wamekuwa na kikao?

Tulienda nayo hivyo wiki tatu. Castaña hakuna aliyeikumbuka, na mi siwalaumu, walikuwa wananiuliza inaliwaje, tamu au chungu, na mi mwenyewe sijawahi kuila, nawaeleza kitu nilichokiona kwenye picha kama wao. Walichobaki nacho ni rojo (nyekundu), naranja (rangi ya machungwa), calabaza na erizo. Calabaza kwa sababu boga wanalijua, erizo kwa sababu kalunguyeye wanamjua, kuna mmoja alishakiokota nyuma ya choo kikajikunja kama mpira. Yani yale maneno manne yaliyobaki ni yale ambayo kitu chake kipo hapa hapa Tabora, mengine yote yalipita kama upepo.

Lakini sitaki niiseme vibaya tu hiyo pakiti maana ina watu wake. Kama Kihispania chako wewe mzazi ni cha hola na gracias tu, yaani hujambo na asante, pakiti itakubeba, sentensi zimeshapangwa, sauti zipo unabonyeza unasikia, huna haja ya kubuni chochote. Ukiniambia uko kazini mpaka saa kumi na mbili, una nusu saa na mtoto jioni, kadi zikiwa tayari ni afadhali kuliko kusema kesho nitatengeneza zangu, kesho ambayo haifiki. Na kama mtoto ana mwalimu wa onlaini aliyekaa Madrid, huyo mwalimu mwezi wa kumi atamwongelea majani yanayoanguka na castañas, mtoto akiwa hajawahi kuyasikia atakaa anatoa macho. Hapo chukua pakiti bila kujiuliza mara mbili.

Kitu kimoja cha kwenye pakiti kilichonifaa kweli ni yule mama wa Hispania anayechoma castañas kwenye kona ya barabara, anaitwa castañera. Nikamgeuza mama muuza karanga. Mtoto mmoja anakaa na ungo, amejifunga khanga, wenzake wanakuja kununua kwa vijiti. Dame dos, nipe mbili. Toma, chukua. No hay más, zimeisha. Aisee hiyo "no hay más" sa hivi imekuwa ya nyumbani kwangu, naambiwa no hay más nikiuliza sukari. Kwa taarifa yako sukari kwa Kihispania ni azúcar, zote mbili zimetoka kwa Waarabu, na meza ni mesa, bendera ni bandera, sisi tumeyapata kwa Wareno ambao lugha yao na Kihispania ni watoto wa mama mmoja. Watoto wakisikia neno linalofanana na la kwao wanacheka kama wameambiwa siri.

Njia ya Meksiko naipita haraka. Novemba 1 na 2 wana Día de Muertos, siku ya kuwakumbuka marehemu, na pakiti zake ni nzuri kuliko zote kwa rangi, maua ya njano, karatasi zilizokatwa kwa ustadi, mikate, na mafuvu yaliyopambwa. Hayo mafuvu ndo mgogoro. Kikundi changu kina Waislamu na Wakatoliki na Walokole, nikamwonyesha mzazi mmoja picha akaniangalia kwa muda halafu akasema mwalimu, hii acha. Nikaacha. Kama nyumbani kwenu haina shida ni sikukuu ya heshima kabisa, wenyewe hawatishani, wanapika chakula alichokipenda marehemu, lakini kwa watoto wa watu wengine omba ruhusa kwanza.

Sasa njoo kwenye msimu wetu, hapa ndo nina mengi ya kusema.

Mwezi wa tisa mwaka jana nilikuwa narudi kutoka njia ya Sikonge, jua kali, vumbi, kila kitu kikavu, halafu nikaona miti ya miyombo imechipuka. Aliyekulia huku anajua, wiki kadhaa kabla ya mvua miyombo inatoa majani mapya na hayatoki ya kijani, yanatoka mekundu, mengine rangi ya machungwa, mengine kama shaba, msitu mzima unawaka. Nimezaliwa huku nimeyaona maisha yangu yote na sikuwahi kuyafikiria. Siku hiyo nikajisemea mama weee, mi naprinti majani mekundu kwa elfu moja moja na haya hapa bure. Rangi zilezile za kwenye pakiti, mwezi uleule wa Septemba, tofauti ni kwamba wenzetu majani yao yanafika rangi hiyo yakiwa yanakufa, ya kwetu yanafika rangi hiyo yakiwa yanazaliwa. Allá las hojas caen, aquí las hojas nacen. Kule yanaanguka, huku yanazaliwa. Wale wa miaka sita na saba hiyo sentensi wanaisema yote, wanaionyesha na mikono, caen mikono chini, nacen mikono juu.

Jumamosi iliyofuata tukapanda bajaji mbili, watoto tisa na bibi yao mmoja, tukaenda kuokota. Na hapa nieleze kitu ambacho hakuna pakiti itakwambia kwa sababu haikuandikwa kwa mtoto anayeongea Kiswahili. Binti yangu wa miaka mitano aliokota jani akasema hoja roja, jani jekundu, sawa, nilishamfundisha. Akaokota la pili akayashika yote mawili, akasita kidogo, akasema hojas rojas. Hiyo sikumfundisha mi! Nilishawafundisha kwamba vingi vinaongezwa s mwishoni, lakini kwamba na rangi nayo inabidi igeuke, hapana. Sa fikiria, sisi tunasema jani jekundu, majani mekundu, mti mwekundu, kwa mtoto wetu rangi kufuata kinachosemwa ni jambo la kawaida kama kupumua, ameshazoea kwamba jina likigeuka na mkia wake unageuka. Wenzetu wanaoanzia Kiingereza red inabaki red kwa kitu chochote, hapo wanatokwa jasho. Na irabu ndo usiseme, a e i o u za Kihispania ni zetu tano zilezile, mtoto wa Tabora akisoma neno la Kihispania siku ya kwanza anapatia kuliko mgeni aliyesoma miaka miwili, ukimwondolea tu hiyo j na h, na ll inayosomwa kama y.

Baada ya majani zinakuja embe. Neno ni mango, hakuna la kufundisha, kwahiyo unafundisha linalozunguka, verde bichi, amarillo la njano, dulce tamu, ácido chachu. Na watoto wanapenda embe bichi na chumvi na pilipili, mango verde con sal y chile, na kumbe Meksiko nao wanakula embe na chumvi na pilipili hivyohivyo, barabarani, kwenye vikombe. Nikasema basi, Meksiko yangu nitaifundishia hapa, mafuvu niwaachie wenyewe.

Mvua ya kwanza ikipiga, lluvia, kuna kumbikumbi jioni kwenye taa na baada ya hapo uyoga. Na uyoga ndo mahali ambapo Hispania na Tabora wanakutana uso kwa uso, maana huko nako otoño ndo wakati wa uyoga, mvua zikinyesha watu wanaingia msituni na vikapu. Seta ni uyoga, cesta ni kikapu, bosque ni msitu. Sentensi moja tu, voy al bosque con mi cesta, naenda msituni na kikapu changu, ni ya mtoto wa Hispania na ni ya mtoto wa Unyamwezi bila kubadilisha herufi. Ila nisisitize, watoto hawachumi wenyewe. Anayechuma ni bibi, watoto wanabeba kikapu, bibi anasema huu ndiyo huu hapana, na mi natafsiri, esta sí, esta no, maana uyoga wa sumu upo na hauna mchezo. Bibi yao sa hivi anajua esta no na anaitumia kwa mambo mengine kabisa, juzi alimwambia muuza nyanya.

Halafu kuna otoño ya pili ambayo watu hawaijui

Hili nililigundua nikiwa nabishana na mwenzangu kwenye simu. Otoño ya Septemba ni ya Hispania na Meksiko. Lakini Argentina, Chile na Uruguay wako kusini mwa ikweta, kwao otoño inaanza Machi 20 au 21 inaisha Juni. Na sisi Tabora tuko kusini mwa ikweta pia, kama nyuzi 5. Kwahiyo kwa kalenda, otoño yetu ni ya Argentina, siyo ya Madrid! Na ukiangalia kilichopo shambani Machi mpaka Juni, maboga, mahindi, karanga, viazi vitamu, mavuno yote yako hapo, yani kile kitu ambacho pakiti inajaribu kukionyesha kwa picha mwezi wa kumi, boga na kapu limejaa, sisi tunacho kweli mwezi wa nne na wa tano. Mwezi wa kumi Tabora kapu liko tupu, watu wanasubiri mvua.

Mpaka zabibu zipo, maana Argentina wana sikukuu kubwa ya kuvuna zabibu mjini Mendoza, kila mwaka kuelekea otoño, imeanza 1936, na sisi zabibu tunaletewa kutoka Dodoma. Uva, uvas. Tulizihesabu mpaka kumi halafu hazikuwepo tena za kuhesabu.

Kilichonifurahisha zaidi ya vyote kwenye msimu huu ni michembe. Asiyejua, michembe ni viazi vitamu unavikata vibichi unavianika, na ukivichemsha kwanza ndo ukaanika hayo ni matobolwa. Kiazi kitamu Argentina ni batata, na neno hilo hata watu wa pwani yetu wanalo, ila wao ni kiazi mviringo, usiwachanganye watoto na hilo. Nilikata mi, kisu sikumpa mtu, wao wakapanga juu ya jamvi, una, dos, tres, hakuna kugusana. Halafu kila asubuhi wanangu wawili wanatoka na mswaki mdomoni wanakwenda kushika. ¿Está seca? Kimekauka? No, todavía no, bado. Kesho yake tena. ¿Está seca? Todavía no. Siku ya nne mdogo akashika kipande kikalia kak, akaruka, ¡seca, seca, seca! na akakiweka mdomoni palepale. Sasa niambie ni kadi gani ya laminesheni itakupa mtoto anayeuliza swali lilelile kwa Kihispania siku nne mfululizo bila kulazimishwa, na jibu lake anaenda kulitafuta mwenyewe kwa kidole.

Karanga nazo hivyohivyo, kumenya ni pelar, pela, pela, pela, uno kwangu uno kwako. Tatizo la karanga ni jina. Hispania ni cacahuete, Meksiko cacahuate, Argentina maní. Mi nilianza na la Hispania, watoto wakacheka kwa sababu zao ambazo sitaziandika hapa, nikahamia maní na amani ikarudi. Boga nalo Hispania na Meksiko ni calabaza, Argentina zapallo. Usimpe mtoto wa miaka minne majina matatu ya kitu kimoja, chagua nchi moja ushikilie, hata kama mjomba mtu wa kwenye vidio anasema tofauti. Na jihadhari na pera, kwetu ni lile tunda lenye mbegu nyingi, kwao pera ni tunda jingine kabisa, lile la kwetu kwao ni guayaba.

Kuna mtoto mmoja baba yake analima tumbaku Urambo. Siku tunataja vinavyovunwa kila mtu anasema lake, yeye akasema baba anavuna tumbaku, Kihispania chake nini. Tabaco. Akafurahi sana kwamba lake ni rahisi kuliko ya wenzake. Sikuwa nimepanga kufundisha tumbaku kwa watoto wa chekechea ila ndo Tabora hiyo, utafanyaje.

Basi uchague ipi

Kwa hela, msimu wa kwetu unaonekana bure lakini siyo bure, bajaji mbili kwenda na kurudi zilinila zaidi ya zile kurasa kumi, na viazi vya michembe nilinunua ndoo. Ila michembe inaliwa, laminesheni hailiwi. Pakiti unaitumia tena mwaka ujao kama watoto hawajaitafuna.

Kwa muda, pakiti inashinda, hakuna ubishi. Msimu unakutawala wewe, ukikosa ile wiki mbili ya majani mekundu imekwenda mpaka mwakani, mwaka huu mi nilikuwa naumwa nikayakosa nusu, yameshageuka kijani.

Kwa umri, chini ya miaka mitano mi siwapi kadi kabisa, nawapa kitu. Kuanzia sita, wakiwa wanasoma, hapo pakiti inarudi kwa njia nyingine, naweka kadi ya jani lao pembeni ya jani letu halisi, wanasema allá na aquí, kule na huku, na hapo ile picha ya ugenini inapata maana kwa sababu ina cha kulinganishwa nacho. Kwahiyo kwa wakubwa ni zote mbili, ila anza na la kwetu, la kwao lifuate. Nikianza na kadi naambiwa kisamvu.

Kwa mzazi ambaye hajui Kihispania vizuri, chukua pakiti, chomoa maneno sita tu ambayo kitu chake unaweza kukipata sokoni wiki hiyo, yaliyobaki weka kando. Boga, uyoga, jani, mvua, kalunguyeye ukimpata. Sikiliza sauti yake mara kumi kabla hujamwambia mtoto, maana mtoto atakushika ulivyosema na hatabadilika.

Na yule anayesema lazima tufuate otoño ya wenyewe la sivyo mtoto hatajua utamaduni wa Kihispania, mi namkumbusha Guinea ya Ikweta. Iko hapa hapa Afrika, shule zao ni Kihispania, ilitawaliwa na Hispania mpaka 1968, na otoño ya kupukutika majani hawana, ni joto na kijani mwaka mzima. Watoto wa Malabo wanaongea Kihispania vizuri tu na castaña ya kuchoma barabarani siyo ya kwao. Kihispania ni lugha rasmi kwenye nchi kama 20, nyingi ni za joto, hilo jani linaloanguka ni la wachache.

Uko Kigoma? Wewe usihangaike na majani kabisa. Nina rafiki yangu Ujiji, mwanae ana miaka minne, msimu wake ni mwezi na dagaa. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hawaendi na taa ziwani, dagaa wanaadimika, yule mtoto akitoka nje usiku akiona mwezi mzima anasema luna llena, no hay pescado, mwezi mpevu, hakuna samaki. Mama yake hakumpangia somo, walikuwa tu wanalalamika bei sokoni.

Mi Jumamosi hii tunamenya karanga, ndoo moja nimeshanunua, zilizobaki zinasagwa kwa ajili ya kisamvu. Yule wa miaka minne bado ananikumbusha kwamba lile jani la kwenye kadi lilikuwa la muhogo, na sijapata cha kumjibu.